Wanafunzi wa uuguzi mnaokwenda jamii mara ya kwanza: ketini hapa tuzungumze

Sista wa Mtaani (mwanzisha uzi)

Hamjambo wadogo zangu. Wiki hii tumepokea wanafunzi wapya kwenye kituo chetu cha afya hapa Nairobi, upande wa Mukuru, na kila mmoja amekuja na daftari lenye fasili za uuguzi wa afya ya jamii alizozikariri neno kwa neno. Nimefurahi, maana mwenye fasili kichwani ana pa kuanzia. Lakini siku ya pili tulipoingia ploti ya kwanza (ua lenye vyumba vya kupanga), wote walisimama mlangoni wakaanza kufundisha: nawa mikono, chemsha maji, nyonyesha miezi 6. Mama akaitikia ndiyo, ndiyo, asanteni. Tukatoka. Nikawauliza njiani maji ya mama yule yanatoka wapi. Hakuna aliyejua.

Nimefanya kazi hii miaka 14 na nina jambo moja la kuwaambia; mengine yote nitakayoandika yanatoka humo. Ukiwa jamii, tazama kabla hujafundisha. Hospitalini mgonjwa huletwa kitandani kwako akiwa peke yake. Huku unamkuta katikati ya maisha yake, na ugonjwa mara nyingi umekaa kwenye kitu kinachoonekana kwa macho kama una subira ya kukitafuta.

Nilijifunza hivi. Nikiwa mwanafunzi, kulikuwa na mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu aliyeletwa kliniki akihara mara tatu ndani ya miezi miwili. Kwenye kituo kile mama yake alikuwa ameshapewa jina: huyu hachemshi maji, ni mkaidi. Nikatumwa kumtembelea nyumbani. Mara ya kwanza akanionyesha sufuria ya maji yaliyochemshwa, imefunikwa vizuri. Mara ya pili, sufuria ileile. Nikaandika kwenye ripoti kwamba anachemsha akijua nakuja.

Mara ya tatu nilichelewa, nikafika jioni giza likianza kuingia. Nikamkuta ameketi kwenye kigoda nje ya mlango, sufuria imepoa, anayamimina yale maji kwa uangalifu ndani ya mtungi wa njano wa lita 20. Mtungi uleule aliotumia asubuhi kununua maji kwenye kioski. Nikamwomba niushike. Kifuniko kilishapotea zamani, mdomo ulizibwa kwa gunzi la mahindi. Nikamulika ndani kwa simu, nikaingiza kidole. Ukuta wa ndani ulikuwa na utelezi wa kijani, kidole kikateleza kama kwenye jiwe la mtoni.

Mama yule alikuwa akiteketeza makaa kila siku, makaa ya kununua kwa mkebe, na mimi nimeandika kwamba anadanganya. Nilimwomba msamaha palepale. Tukatia kokoto ndogo na sabuni mtungini, tukautikisa mpaka mikono ikauma, tukausuuza kwa maji yaliyotiwa dawa ya klorini, na kesho yake nikamletea kifuniko. Kwa miezi iliyobaki ya mafunzo yangu mtoto hakuletwa tena kwa kuhara. Mtoto mmoja si utafiti, najua. Lakini ripoti ile niliichana nikaandika nyingine, na tangu siku hiyo sijamwita mama yeyote mkaidi kabla sijaona mtungi wake.

---

Sista wa Mtaani

Naendelea. Mtihani utakuuliza ngazi tatu za kinga. Zichukue kwa mtungi uleule, hutazisahau.

Kinga ya kwanza ni kuzuia ugonjwa usiingie kabisa: maji salama tangu yanakochotwa hadi kikombeni, chanjo ya rota (kirusi kinachoharisha watoto), maziwa ya mama pekee miezi 6 ya mwanzo, choo. Kinga ya pili ni kuugundua mapema na kuutibu usizidi: mama ajue dalili za kupungukiwa maji, aanze kumpa mtoto maji ya ORS (pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) nyumbani pamoja na zinki, amlete mapema. Kinga ya tatu ni kumrudisha mtu katika hali yake na kupunguza madhara: mtoto aliyekonda baada ya kuhara mara kwa mara alishwe, apimwe, afuatiliwe mpaka uzito uongezeke.

Hapa Nairobi maji yana safari ndefu. Bomba kubwa linaweza kuwa na maji mazuri. Kisha mtu anaunganisha bomba la plastiki, linapita mtaroni, linapasuka mahali, na siku ya mgao presha ikishuka maji machafu yanavutwa ndani. Yakitoka hapo yanaingia mtungini, kisha ndooni, kisha mtoto anachota kwa kikombe na vidole vyake humo humo. Fuata safari hiyo hatua kwa hatua, na kila hatua uliza nani anagusa.

Sasa jambo linalowashinda wengi: uchunguzi wa jamii. Kwa mgonjwa mmoja unapima, unatambua tatizo, unapanga, unatekeleza, unatathmini. Kwa mtaa unafanya yaleyale, ila badala ya mapigo ya moyo unapima idadi. Na idadi bila kigawanyo, yaani jumla ya watu ambao hesabu inawahusu, hupotosha. Chukua mfano huu wa darasani. Ploti A ina watoto 4 walioharisha wiki iliyopita, ploti B ina 6. Mwanafunzi atakimbilia B. Lakini A ina watoto 11 walio chini ya miaka 5, na B ina 25. Kwa A ni 36 katika kila 100, kwa B ni 24. Shida iko A. Kama hukuhesabu watoto wazima waliokuwa wakicheza nje, hutajua.

Vivyo hivyo na takwimu za taifa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha vifo 41 vya watoto walio chini ya miaka 5 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, kutoka 52 katika utafiti wa 2014. Kigawanyo ni waliozaliwa hai, si watoto wote nchini. Vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi huhesabiwa kwa kila 100,000 waliozaliwa hai. Wanafunzi huchanganya hapa kila mwaka.

Na mtofautishe idadi ya wagonjwa wapya katika kipindi fulani na idadi ya wote walio na ugonjwa wakati huo, wa zamani na wapya. Kipindupindu kikiingia mtaani unataka wapya, wa leo na wa jana. Kwa kisukari unataka wote, kwa sababu wote watahitaji dawa mwezi ujao.

---

Mwaka_wa_Pili

Sista shikamoo, na asante sana. Mimi naanza jamii mwezi ujao, na kabla ya hapo tuna mtihani. Mwalimu wetu anapenda sana kuuliza historia. Ni ipi ya lazima? Pia nikiri, wengi darasani tunaona jamii ni kutembea juani tu, tungependa kubaki wodini.

---

Sista wa Mtaani

Marahaba mdogo wangu. Historia nitaipitia haraka. Mwaka 1859 William Rathbone wa Liverpool alianzisha uuguzi wa kutembelea maskini majumbani, baada ya kuona muuguzi alivyomhudumia mkewe aliyekuwa mahututi nyumbani. Mwaka 1893 Lillian Wald alianza kazi kama hiyo miongoni mwa wahamiaji wa New York, na ndiye husemwa kuwa aliuleta msamiati wa muuguzi wa afya ya umma. John Snow hakuwa muuguzi, alikuwa daktari, lakini mjue: London, 1854, alihesabu waliokufa kwa kipindupindu nyumba kwa nyumba mpaka akafika kwenye pampu moja ya maji ya Broad Street. Mwaka 1978 ni Azimio la Alma-Ata juu ya huduma za afya ya msingi, 1986 ni Mkataba wa Ottawa juu ya uhamasishaji wa afya. Kwetu Kenya, mkakati wa afya ya jamii ulikuja 2006, na Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ikapitishwa 2023.

Kumbuka pia ngazi zetu sita: ya kwanza ni jamii yenyewe, kisha zahanati, kituo cha afya, hospitali ya kaunti ndogo, hospitali ya rufaa ya kaunti, na juu kabisa hospitali za rufaa za kitaifa kama Kenyatta. Nyumba ya yule mama wa mtungi ni ngazi ya kwanza. Ni sehemu ya mfumo wa afya, si nje yake.

Kuhusu wodi, sikulaumu. Wodini ukichoma sindano homa inashuka, unaona kazi yako kabla ya zamu kuisha. Huku kazi yako ni mtoto ambaye hakuugua, na hakuna atakayekuja kukushukuru kwa ugonjwa ambao haukumpata. Inachosha moyo mwanzoni, nakuambia ukweli. Lakini nimefanya kazi wodi ya watoto pia, na nimemwona mtoto yuleyule akilazwa, akitoka, akilazwa tena, kwa sababu tulikuwa tukimrudisha kwenye mtungi uleule.

---

Chumba_cha_Chanjo

Sista umenigusa. Mimi niko kliniki ya watoto, naomba niongeze ya chanjo kwa sababu wanafunzi wanakuja wamekariri ratiba vizuri lakini hawajui kulinda chupa yenyewe.

Ratiba kwa ufupi: akizaliwa, BCG (ya kifua kikuu) na polio ya matone. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14: polio, ile ya tano-kwa-moja (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na Hib, bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo), pamoja na ya nimonia. Rota huanza wiki ya 6. Wiki ya 14 huongezwa polio ya sindano. Miezi 9 surua na rubela, miezi 18 surua na rubela tena. Hii ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika, mama anadhani alimaliza miezi 9. Mkitembea nyumbani ombeni kijitabu cha mama na mtoto, mfungue ukurasa wa chanjo, mtazame mstari huo.

Sasa kuhusu baridi. Chanjo hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Watu wanaogopa joto tu. Siku moja tulikuwa tunakwenda kuchanja nje, mwanafunzi akatoa pakiti za barafu moja kwa moja kwenye friza, ngumu kama mawe, akazipanga ndani ya kibebeo cha chanjo na chupa za tano-kwa-moja katikati. Chanjo hiyo ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Pakiti unaiacha nje kwanza mpaka ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani. Hapo ndipo iko tayari. Ukiitikisa iko kimya, subiri.

Na BCG na surua zikishachanganywa na kimiminika chake, mwisho wake ni saa 6. Zikibaki zinatupwa, hata kama chupa bado imejaa. Msione huruma hapo.

---

Sista wa Mtaani

Asante sana dada. Sauti ya maji ndani ya pakiti, hiyo nitaanza kuwafundishia.

---

Mhudumu_wa_Kijiji

Hamjambo wote. Mimi si muuguzi, ni mhamasishaji wa afya ya jamii, nina nyumba kama 100 ninazozitembelea. Naomba kusema kitu na wanafunzi wasikasirike. Mnakuja watu 20 wamevaa koti jeupe, mnaingia kwa uchochoro ambao watu wawili hawapishani, mnauliza mama ana watoto wangapi na amezaa na nani, majirani wote wanasikia. Mkiondoka, mimi ndiye ninayebaki kuulizwa mliandika nini na mlipeleka wapi. Kuna nyumba moja ilinifungia mlango miezi minne kwa sababu ya hilo. Mama ana dawa anazomeza kila siku, na mmoja wenu aliisoma chupa kwa sauti.

---

Sista wa Mtaani

Asante kwa kusema, na pole kwa yaliyokupata. Wanafunzi, rudieni kusoma ujumbe huu kabla hamjaendelea na wangu.

Mhamasishaji ndiye mwenye mtaa. Serikali ilipowazindua zaidi ya 100,000 nchi nzima mnamo Septemba 2023 na kuwapa mikoba ya vifaa, haikuwapa kazi ngeni. Wengi walikuwa wakiifanya miaka mingi kwa kujitolea. Wao ndio wanaojaza rejista ya kaya, wanajua nani amejifungua jana usiku na nani amehama. Kwa hivyo utaratibu ni huu. Unapita kwa chifu na mzee wa kijiji kwanza. Unaingia na mhamasishaji, yeye ndiye anayebisha hodi. Mnakuwa wawili, mkizidi sana watatu. Koti jeupe liacheni kituoni, kitambulisho kinatosha. Unauliza ruhusa, unaeleza ni kwa nini umekuja, na mama akisema leo sina nafasi, unaondoka vizuri.

Nyumba nyingi hapa ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, ukuta wa bati. Sauti yako inafika kwa jirani. La siri lisiulizwe hapo. Mwombe mama aje kliniki, au ongea naye mkitembea kwenda kwenye kioski. Na ukiona dawa mezani, macho yaone, mdomo ukae.

Mkoba wako usiwekwe sakafuni. Tandaza gazeti juu ya meza au kiti, uuweke hapo, toa sabuni na taulo kutoka mfuko wa nje, nawa kwanza ndipo ufungue ndani. Unatoa unachohitaji tu. Na panga nyumba zako mapema: anza na mtoto mchanga na mama aliyejifungua, kisha wajawazito, kisha wengine, na mwenye ugonjwa wa kuambukiza awe wa mwisho. Nimewahi kuona mtu ametoka kwa mgonjwa wa kifua kikuu akaenda moja kwa moja kumbeba kichanga cha siku tatu.

Na kwa kuwa nimetaja kifua kikuu: matibabu ya kawaida ni miezi 6, miwili ya mwanzo dawa nne, minne inayofuata dawa mbili. Hatari iko karibu na mwezi wa pili, kikohozi kimekwisha, mtu amepata nguvu, anarudi kibaruani, dawa zinabaki juu ya kabati. Ziara ya wakati huo ina thamani kuliko zote. Ukiwa hapo uliza wanaolala chumba kimoja naye, hasa watoto walio chini ya miaka 5, wafike kituoni wachunguzwe.

---

Mwaka_wa_Pili

Asante dada mhamasishaji, nimekuelewa, na nitawaambia wenzangu. Sista, swali: nikikuta mtoto mgonjwa nyumbani na sina vifaa vya hospitali, nitajuaje kama anahitaji rufaa leo au anaweza kungoja?

---

Sista wa Mtaani

Una vifaa vingi kuliko unavyodhani. Kwanza dalili za hatari: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au hazinduki. Moja tu kati ya hizo, ni rufaa sasa hivi. Usimalize fomu kwanza.

Kisha saa yako ya mkono. Mtoto ana kikohozi: mfunue kifua akiwa ametulia, ikiwezekana yuko kwenye titi au amelala, uhesabu pumzi dakika nzima. Si sekunde 15 mara nne, mtoto hapumui kwa mpangilio huo. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka. Miezi 2 hadi chini ya 12, ni 50. Mwaka 1 hadi 5, ni 40. Na tazama kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi.

Kisha utepe wa kupima mzingo wa mkono, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, na kati ya hapo na 12.5 ni wa kadiri. Utepe uguse ngozi bila kukaza. Nimeona wanafunzi wakiuvuta mpaka mkono unabonyea, na mtoto mzima anasomeka mgonjwa. Pima katikati ya bega na kiwiko, mkono wa kushoto ukiwa umelegea.

Akiwa anahara bila dalili hizo za hatari, ORS baada ya kila choo: chini ya miaka 2 mililita 50 hadi 100, mkubwa zaidi 100 hadi 200. Akitapika, mama angoje dakika 10 aendelee polepole kwa kijiko. Zinki siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, na 10 kwa aliye chini ya miezi 6. Mwambie mama azimalize hata kuhara kukikoma. Na kabla hujaondoka mwache yeye achanganye ORS mbele yako kwa chombo chake mwenyewe. Mmoja alichanganya pakiti nzima kwenye kikombe cha chai, na alikuwa ameitikia ndiyo kwa kila nilichosema.

---

Mwaka_wa_Pili

La mwisho sista, usichoke. Tukishakusanya takwimu zetu, tunaandika ripoti tunapeleka chuoni. Imeisha?

---

Sista wa Mtaani

Haijaisha, na hapa ndipo vyuo vingi huwakata kabla ya mwisho. Takwimu zinarudi kwa wenyewe. Kila kitengo cha afya ya jamii kina ubao wake wa takwimu, na kila robo mwaka watu hukutana kuujadili.

Mwaka mmoja wanafunzi wangu walisimama mbele ya baraza kama hilo, chini ya mti kando ya kanisa, wakaonyesha mchoro safi kabisa. Chanjo katika kijiji kile ilikuwa juu sana, karibu kila mtoto. Makofi yakapigwa. Mama mmoja muuza mboga, ameketi nyuma na beseni lake, akainua mkono akauliza kama tulifika nyumba za kule chini karibu na mto. Wanafunzi wakatazamana. Walifika, milango ilikuwa na kufuli, wakaandika hakuna watu.

Akasema watu wapo. Wanatoka saa kumi na moja alfajiri kwenda vibarua Industrial Area, watoto wanaachwa kwa mama mmoja anayewalea kumi na zaidi kwenye chumba kimoja, na huyo hafungulii wageni. Njooni Jumapili saa nane, akasema, mimi nitawapeleka.

Tukaenda Jumapili. Tulikuta watoto 17 ambao hawakuwa kwenye kigawanyo chetu, na 9 kati yao hawakuwa wamekamilisha chanjo. Jumatano iliyofuata tukateremka na kibebeo cha chanjo, yule mama wa mboga akiwa mbele, akibisha hodi.